Mmeandika KARIBU mlangoni, sasa kiti kiko wapi? Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho

Bwana Mkurugenzi,

Salamu kwanza, manake kwetu nilikotoka, Mombasa, mtu haingii kwa mwenzake na vita mkononi. Natumai wewe na familia yako hamjambo. Sisi pia hatujambo, isipokuwa miguu. Na hiyo miguu ndiyo dhumuni la barua hii.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kwenye ule mkutano na wakazi mwezi wa kwanza ulisema mwenyewe, ukiwa umeshika sambusa yetu mkononi, ati haya makumbusho ni ya kila mtu na yeyote anaweza kuwaandikia kwa lugha yake, nyinyi mtatafuta wa kutafsiri. Haya, tafuteni. Kwa Kiingereza nilishaandika mara mbili, nikajibiwa kwa Kiingereza kizuri sana kwamba maoni yangu yana thamani kubwa kwenu. Nafikiri yana thamani kweli, manake mmeyafungia mahali hayaguswi.

Pale mlangoni mmeandika neno la kukaribisha watu kwa lugha nyingi, na KARIBU yetu iko ya tatu kutoka juu, rangi ya dhahabu. Siku ya kwanza nilipoiona nilipiga picha nikawatumia watu wa nyumbani. Lakini Bwana Mkurugenzi, hilo neno huwa haliendi peke yake. Ukimwambia mtu karibu unamsogezea na kiti. Karibu kiti, ndivyo tunavyosema, hata kama kiti chenyewe ni ndoo umeipindua. Mgeni hasalimiwi akaachwa wima kama mlingoti.

Baba yangu ana miaka 81. Mwaka 1965 alitoka Mombasa na sweta moja akaenda kusoma uinjinia Leningrad, siku hizi St Petersburg, akakaa huko miaka 6. Hosteli ilikuwa baridi, kwa hivyo Jumapili alikuwa anaenda Hermitage, makumbusho makubwa ya huko, kujipasha moto. Anakiri mwenyewe hakufuata sanaa, alifuata hita, sanaa ikamkuta palepale. Kila chumba kilikuwa na bibi mzee ameketi kwenye kiti chake analinda, wale kina mama waliookoka mzingiro wa Wajerumani wa siku 872 kwenye Vita vya Pili vya Dunia, watu walipokuwa wanachemsha gundi ya mbao wanakula, na vitu zaidi ya milioni vya Hermitage vilishapakiwa kwenye treni vikakimbizwa huko milima ya Ural, ukutani zikabaki fremu tupu. Sasa mmoja wa hao mabibi akimwona huyu kijana mweusi ameanza kusinzia amesimama, anainuka, anakipigapiga kile kiti kwa mkono, kaa. Baba hajamsahau mpaka leo. (Aliporudi nyumbani na diploma yake ofisi moja ilimkalisha benchi mwaka mzima, manake waliosoma upande ule wa wakomunisti walikuwa wanaogopwa, lakini hiyo ni habari nyingine, na angalau ilikuwa benchi.)

Kwa hivyo mlipobandika mabango mji mzima ya maonyesho ya hazina za Urusi, mzee alivaa koti la suti. Na niseme ukweli, vitu vyenu ni vizuri, sina ugomvi navyo. Kuna ile ikoni ya Mama Maria iliyovishwa fedha yote, umebaki uso na mikono tu, baba akaniambia hii ni kama bibi yako na buibui lake. Nikacheka mpaka soja akageuka. Kuna ile meza ya malakiti, lile jiwe la kijani, ambayo mimi nilidhani ni bonge la jiwe zima, kumbe ni vipande vyembamba kama maganda vimebandikwa juu ya jiwe jingine, michirizi ikapangwa ifuatane hata huoni kiungo. Na kuna samawari ya Tula, mji wa Urusi. Hapo ndipo mzee alipokwama, manake mamake alikuwa na samawari ya shaba Mji wa Kale, na hilo neno letu ni lilelile la Warusi. Akawa anawaeleza watoto wa watu wasiomjua, mkaa unaingia kwenye hili bomba la katikati, maji yako pembeni yanazunguka, birika la chai kali linakaa huku juu. Nusu saa nzima. Amesimama.

Kabati la porselini ndilo limeniuma zaidi. Zile sahani zilifinyangwa wakati wa mfalme zikabaki nyeupe, halafu mapinduzi ya 1917 yakaja, wakomunisti wakazikuta stoo wakazichora nyundo na mundu. Kwa hivyo chini ya sahani moja kuna muhuri wa mfalme na muhuri wa waliokuja baada yake. Mmeweka kioo kwa chini ili tuione yote miwili, wazo zuri sana, hongereni. Ila kukiona hicho kioo lazima uiname kama unaokota sindano, na mzee wa miaka 81 akishainama hapo Bwana Mkurugenzi, nani anamwinua? Mimi. Na mimi ndio nimetoka shifti ya usiku.

Ndio, tuongee kidogo habari zangu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nageuza watu kitandani usiku kucha, Jumamosi moja napumzika, moja sipumziki. Kuja kwenu ni mabasi mawili. Tiketi zetu mbili ni karibu nusu siku ya mshahara wangu, na mzee mmempunguzia dola 3, asanteni kwa ukarimu. Miguu yangu ikifika saa nane mchana imevimba hata viatu havitoki. Kazini kwangu nikimwacha mzee wa watu amesimama dakika 20 bila kiti supavaiza ananiandikia barua. Kwenu wazee wanasimama masaa mawili na wanatozwa.

Sasa nikukumbushe ahadi, labda kazi ni nyingi umesahau. Mwezi wa kumi nilipouliza nikaambiwa mabenchi yako njiani. Mwezi wa kwanza wewe mwenyewe, na ile sambusa, ukasema kabla mwezi haujaisha yatakuwa yamefika. Mwezi wa pili mkabandika karatasi ukutani, "viti vinakuja hivi karibuni". Karatasi ipo mpaka leo, nzuri, imewekewa na fremu. Hizo samani zinatoka wapi jamani, zinaletwa kwa punda? Mwenzenu Marjorie Merriweather Post, yule tajiri wa Marekani, mumewe alipokuwa balozi Moscow mwaka 1937 na 1938, alivusha bahari vyombo vya Warusi vya kujaza nyumba nzima. Nyinyi benchi la mbao limewashinda.

Jumamosi iliyopita ndiyo imefanya niandike. Tulifika saa tano, kumejaa. Baba akaanza kushika fimbo kwa mikono miwili, na mimi nikimwona hivyo najua. Nikamwendea kijana wa mapokezi, akanipa habari ya kiti cha magurudumu. Mzee akakataa, akasema mimi sijalemaa, nimechoka. Nikaomba vile viti vya kukunja, nikaambiwa vimeisha. Akaegemea ukuta, akaambiwa asiegemee. Sasa mle chumbani kiti kipo, kimoja tu, cha chuma kilichonakshiwa na mafundi wa bunduki wa Tula, karne ya 18, kimepandishwa kwenye jukwaa kimezungushiwa kamba. Baba hakukigusa kiti. Alijishikiza tu kwenye ukingo wa jukwaa, tako moja, kama mtu anayesubiri feri ya Likoni.

Alamu ikalia. Wakaja masoja wawili mbio na redio zao, watu wote wakageuka, mtoto mmoja akaanza kurekodi na simu. Baba yangu akainuka mwenyewe, akafungua koti akalifunga tena, akawaomba radhi kwa Kirusi. Sijui kwa nini Kirusi. Nafikiri alichanganyikiwa, au labda alimkumbuka yule bibi. Kwenye basi hakusema kitu mpaka tumefika kwetu, ndipo akaniambia, tusirudi tena pale, nimeshaona.

Hajaona. Chumba cha Fabergé, yule sonara aliyemtengenezea mfalme wa Urusi mayai ya vito, hakukifikia, na ndicho alichokuwa anakitaka. Si kwa ajili ya dhahabu, baba hana habari na dhahabu. Anasema serikali ya Kisovieti ilipouza hazina hizi nje miaka ya 1920 na 1930, hata Andrew Mellon, tajiri wa Marekani, akajibebea picha 21 za Hermitage, walikuwa wanatafuta pesa za kigeni wanunue mashine za viwanda. Mimi, anasema, nimesomeshwa na nchi iliyouza mayai ya mfalme ikanunua mashine, nataka nilione yai lenyewe tuhesabiane. Kwa huyo mfalme na babake yalitengenezwa 50 tangu 1885, na kwenye bango lenu moja limekaa kubwa kama boga. Nilikwenda mbio kuchungulia peke yangu wakati namsubiri atoke msalani. Hakuna hata moja la mfalme! Kuna viyai vya kuning'iniza kwenye mkufu, vidogo kama kunde. Sijamwambia.

Kwa nini hamna viti sijui, lakini watu wanaongea. Wengine wanasema ni ile karamu ya wafadhili, mkiweka mabenchi meza hazienei. Soja mmoja, usiniulize jina wala sura, alininong'oneza kwamba mtu akikaa hatoki, na tiketi zenu ni za saa, mnataka watu watembee kama mkanda wa mizigo uwanja wa ndege. Mimi naamini hiyo ya pili. Na huyo soja naye anasimama masaa 8, muangalieni visigino siku moja.

Nilikuwa na orodha ndefu. Nilitaka mturudishie nauli, nilitaka muombe radhi mbele za watu kama mlivyomtahayarisha mbele za watu, nilitaka na mabenchi 10. Nimeyafuta yote. Nataka kiti kimoja. Hata cha plastiki. Mkiweke mbele ya samawari, si lazima kiwe na nakshi wala kibao cha jina la mfadhili.

Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi ujao. Jumamosi yangu ya kupumzika ni ile baada ya hii, na mzee nitambembeleza mpaka akubali. Tutakuja na basi la saa nne. Nikikuta hakuna kiti nitakuwa nimebeba stuli yangu ya jikoni, ya buluu, mguu mmoja umefungwa kamba. Waambie masoja wako mapema, wasije wakakimbia bure.

Wako mtiifu, na binti wa yule mzee wa alamu.