Nyota ya Barghash alivishwa nani?

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu nishani za masultani wa Zanzibar niliisoma dukani, mteja ananisubiri. Picha nzuri, sikatai. Lakini chini ya picha ya nishani ya Nyota Ing'aayo mmeandika kwamba ilitolewa "kwa waliolitumikia taifa", basi. Hapo nikaweka koleo chini.

Mimi ni sonara wa Mji Mkongwe, mwaka wa 41 huu. Nishani hiyo imenipitia mkononi mara moja tu. Aliileta mgeni, imo ndani ya kisanduku cha mahameli kilicholiwa na nondo, jiwe moja limeng'oka, anataka nimtilie jengine. Katikati enameli nyekundu, juu yake jina la Sultani kwa Kiarabu. Kazi safi, vile vimeno vinavyoshika mawe huwezi kuviona bila ya lenzi. Nikamuuliza babu yao alipewa kwa lipi. Akasema hajui, kwao wanasema tu ni ya utumishi.

Kwa Kiarabu inaitwa al-Kawkab al-Durri. Aliyepita chuoni anayajua maneno hayo: yamo katika Sura ya Nuru, aya ya 35, pale kioo cha taa kinapofananishwa na nyota yenye kumeremeta. Sultani Sayyid Barghash, mwanzilishi wa nishani hiyo, hakuokota jina njiani.

Sasa tazameni. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manuwari za Kiingereza zilianza kulipiga kasri mizinga. Aliyekuwemo ni Sayyid Khalid, mwana wa Barghash huyo huyo, amekalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza tangu siku mbili nyuma alipofariki Sultani Sayyid Hamad. Dakika 38, kwisha. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na kwa Waingereza akaumia baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama hapo hapo bandarini, ikabaki milingoti. Mchana ule ule akatawazwa Sayyid Hamoud.

Siku 28 baadaye, tarehe 24 Septemba, Luteni Arthur Raikes, Mwingereza aliyewaongoza askari wa Kizanzibari waliosimama dhidi ya kasri asubuhi ile, akavishwa Nyota Ing'aayo, daraja la kwanza, ngazi ya pili. Yaani nyota ya baba kapewa aliyesaidia kumng'oa mwana! Kisha akapandishwa kuwa mkuu wa jeshi la Zanzibar.

Alitumikia taifa la nani? Simlilii Khalid, naye kiti alikishika kwa bunduki. Wala sisemi kila aliyeivaa alikuja kwa mlango huo, maana nishani ilikuwepo kabla ya mizinga. Lakini neno "taifa" mmelitia kama sonara mvivu anavyotia kioo pahala pa almasi, akitumai hakuna atakayekitazama kwa karibu.

Mkiichapisha tena picha ile, andikeni chini yake kapewa nani, lini na kwa kazi gani. Nafasi ipo. Tangazo la magodoro lililokuwa pembeni yake lilikuwa na maelezo mengi zaidi.

Sonara,
Mji Mkongwe, Zanzibar