Utafiti wa zabibu usiishie njiani

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Wiki iliyopita nimesoma hapa barua ya msomaji mmoja anasema hela za utafiti wa zabibu bora wagawiwe wakulima wakanunulie mbolea na dawa, maana watafiti kazi yao ni kuandika ripoti zinazokaa kabatini. Uchungu wake naujua, mimi mwenyewe nalima zabibu, lakini hapo kwa kweli simuungi mkono.

Miaka sita iliyopita nilinunua miche kwenye kitalu kimoja, miche mizuri imenyooka, ukiiona unaipenda. Mwaka wa kwanza safi, wa pili safi, wa tatu tukaanza kuvuna kidogo. Mwaka wa nne majani yakaanza kuwa mekundu mapema huku mishipa imebaki kijani, kingo zinajikunja kwenda chini, na zabibu zenyewe zinagoma kuiva, sukari haipandi kabisa. Nikaambiwa udongo umepungukiwa potashi, nikaweka mbolea. Nikaambiwa ni maji, nikaongeza maji. Nikahangaika hivyo misimu miwili mpaka nilipopata mtu wa kunipelekea sampuli maabara ndo ikajulikana ni virusi vya kukunja majani, vimekuja na miche yenyewe tangu kitaluni, na wadudu wadogo wanaoitwa vidung'ata walikuwa wanavihamisha kutoka mzabibu mmoja kwenda mwingine. Na virusi jamani havina dawa ya kupulizia, mzabibu ukishaugua unang'oa basi. Sasa huyo ndugu angenipa hela ya mbolea si ningeimwaga yote kwenye mizabibu ya kung'oa? Kipimo kimoja tu kabla ya kupanda kingeniokoa miaka yote hiyo, na hicho kipimo kipo kwa sababu kuna watu walikaa maabara miaka na miaka wakivichunguza hivyo virusi.

Tena zao letu hili lisingekuwepo kama lilivyo leo bila utafiti. Ufaransa miaka ya 1860 mizabibu ilianza kukauka na hakuna aliyejua sababu, watu wanachimba mizizi ya mzabibu uliokufa hawaoni kitu. Mwaka 1868 wakaenda watu watatu shambani, Planchon mtaalamu wa mimea, Bazille mkulima, na Sahut mwenye kitalu. Wakachimba mizabibu iliyokuwa bado hai, na hapo ndo wakamkuta mdudu filoksera amejaa kwenye mizizi, kumbe mzabibu ukishakufa yeye anahamia wa jirani. Baadaye ikaonekana kwamba mizabibu ya Marekani inamstahimili, wakaanza kupandikiza vikonyo vya Ulaya juu ya mashina ya Marekani na mpaka leo sehemu kubwa ya dunia inalima hivyo hivyo. Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba mkulima alikuwepo pale shimoni.

Hata ule mchanganyiko wa mrututu na chokaa tunaopulizia kuzuia ugonjwa wa majani uitwao ubwiri vinyoya ulianzia kwa wakulima. Huko Bordeaux walikuwa wanaupaka kwenye mizabibu ya kandokando ya barabara ili wapita njia wasiibe zabibu, Profesa Millardet akapita mwaka 1882 akaona mistari ile haijaugua wakati ya ndani imepukutisha majani yote, akaenda kujaribu, na 1885 akatangaza matokeo. Angekaa ofisini asingeona.

Kwa hiyo shida yangu mimi na huu utafiti ni namna unavyoendeshwa. Miradi inakuja ya miaka mitatu. Mzabibu ndo kwanza unaanza kuzaa mwaka wa tatu! Yaani mtafiti anapanda, anapima majani, anapiga picha, na ile siku shamba linaanza kutoa jibu mradi umefungwa na gari limeondoka. Mzabibu unakaa shambani miaka 25, 30 na zaidi, utaujuaje kwa miaka mitatu? Ujerumani aina inayoitwa Regent, inayostahimili ubwiri, walichavusha mwaka 1967 na wakulima wakaja kuipanda kibiashara miaka ya 1990. Hakuna njia ya mkato hapo.

Na kazi ikishatoa ushauri isiachwe. California, Marekani, wakulima walishauriwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis wapandikize juu ya shina linaitwa AXR1 kwa sababu linabeba mazao mengi, ingawa nchi nyingine lilikuwa limeshashindwa kumstahimili filoksera. Miaka ya 1980 filoksera akalitafuna, wakulima wa maeneo ya Napa na Sonoma huko huko California wakang'oa maelfu ya hekta. Ila wale wakulima hawakususa. Ugonjwa wa Pierce ulipowavamia, ule wa bakteria anayeziba njia za maji ndani ya mzabibu, kuanzia 2001 wakakubali kukatwa tozo kwenye mauzo ya zabibu zao kwa ajili ya utafiti, na tozo hiyo inapigiwa kura na wakulima wenyewe kila baada ya muda. Mwaka 2019 chuo kile kile cha Davis kikatoa aina 5 za zabibu zinazostahimili ugonjwa huo, kazi ya miaka kama 20 ya kuchavusha na mzabibu pori.

Hicho ndo nakitaka kwetu sisi wakulima wa zabibu. Mimi niko tayari kukatwa tozo hata mavuno yanayokuja, ila niwe na kura ya kusema nini kichunguzwe kwanza, shamba la majaribio lisifungwe kabla ya miaka kumi, na majibu yaletwe na afisa ugani anayejua kushika mkasi wa kupogolea, aje wakati wa kupogolea siyo baada ya mavuno. Na mwenye kitalu asiuze mche hata mmoja ambao mti mama wake haujapimwa virusi.

Sehemu niliyong'oa bado iko wazi. Nimechimbua mizizi yote niliyoweza maana vidung'ata wanaweza kubaki humo, na sitapanda mpaka nione karatasi ya maabara ya hiyo miche mipya kwa macho yangu.

Wako,
Mkulima wa zabibu