Asante ya mwanajeshi ipitie kwa anaowaacha nyumbani

Mhariri,

Kila Oktoba 14, Siku ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, sisi wa Lanet husikia hotuba tamu kuliko mtu yeyote nchini. Wakubwa hutuma salamu, redio huwapigia askari nyimbo, watu hubadilisha picha za wasifu na kuweka bendera. Kesho yake mke wa askari anaamka na shida zake zilezile. Nataka kuzungumzia hiyo kesho yake.

Nina duka hapa, si mbali na kambi, na wateja wangu wengi ni familia za wanajeshi. Muuza duka hujua mambo ya nyumba za watu hata pale asipotaka. Sihitaji kuambiwa mume wa fulani amepelekwa Somalia. Mama huyo huanza kuja dukani na simu mkononi, si kwenye mkoba, na ninapompimia mafuta macho yake yako kwenye kioo cha simu. Kuna mmoja ambaye simu yake ililia namba ngeni akiwa anahesabu chenji. Sarafu zote zikaanguka. Alikuwa mtu wa kampuni ya mkopo, amekosea namba. Mama akaokota sarafu zake, akacheka kidogo, akaomba kiti.

Sasa nifikirie Januari 2016 ilivyokuwa kwa mtu kama huyo. Tarehe 15 al-Shabaab walivamia kambi yetu ya El Adde huko Somalia, na wengi wa vijana waliokuwa huko walitoka kambi ya Eldoret. Serikali haikutoa idadi ya waliokufa, na pengo hilo likajazwa na WhatsApp. Picha za miili zikapita kutoka kundi la kanisa hadi kundi la chama, kila mtu akiweka emoji ya kulia na kuisukuma mbele. Ibada ya ukumbusho ilipofanyika Eldoret tarehe 27, Rais Uhuru Kenyatta akiwa na wenzake wa Nigeria na Somalia, tayari kulikuwa na watoto waliokwisha kuona wasichostahili kuona. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo ya Januari 27, ikavamiwa kambi yetu nyingine huko, Kulbiyow. Na sisi tukarudia yaleyale.

Waliopiga picha hizo na kuzitoa walikuwa maadui. Waliozisambaza Nakuru, Eldoret na Kakamega walikuwa sisi, na wengi wetu tulidhani tunaomboleza. Kama kuna shukrani moja isiyo na gharama, ni hii: picha ya askari aliyeanguka ikikufikia, iishie kwako. Jeshi lipewe nafasi ya kufika kwanza mlangoni kwa mama yake. Nalo jeshi lifike upesi, maana uvumi haungoji mtu avae sare.

Halafu kuna hili la dola. Tangu jeshi letu lijiunge na kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, AMISOM, mwaka 2012, mtaani imekaa imani kwamba afande akirudi amebeba gunia la pesa. Posho ya AMISOM iliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, na serikali ilikata sehemu yake kabla ya kumfikia askari. Mwaka 2016 wafadhili wakapunguza mchango wao kwa asilimia 20. Lakini kijana akishuka kwenye matatu kwa likizo, kadi za harambee zinamtangulia nyumbani. Nimewasikia wenye nyumba wa hapa wakisema bila haya, "Hao ni wa jeshi, wana pesa," wakipandisha kodi kwa mama anayeishi peke yake na watoto watatu. Mdomo huohuo Oktoba utawaita mashujaa wetu.

Najua wapo watakaoniuliza, hasa vijana, shukrani ya nini baada ya Juni 2024, jeshi lilipotolewa kambini kusaidia polisi wakati wa maandamano. Swali ni la haki. Mimi pia sikupenda kuona magari ya kijeshi mjini, na sidhani kumshukuru askari ni kufumba macho. Ila askari wa cheo cha chini hajipangii kazi. Hasira ipelekwe kwa waliotoa amri, isiishie kwa mtoto anayeitwa majina shuleni kwa sababu ya sare ya babake. Na tukumbuke pia kwamba wiki chache kabla ya hapo, maji yalipofagia Kamuchiri kule Mai Mahiu usiku wa kuamkia Aprili 29, wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliochakura tope wakitafuta watu wetu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Aprili 18 mwaka huo helikopta ilianguka Elgeyo Marakwet, akafa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla. Nchi nzima ilijua alivyotaka azikwe haraka na bila jeneza, na akazikwa hivyo Siaya siku ya Jumapili. Nilimheshimu sana kwa hilo. Lakini wanajeshi wengine tisa walikufa katika ndege hiyohiyo. Nimewauliza wateja wangu, watu wanaoishi kando ya kambi, wanitajie hata mmoja. Hakuna aliyeweza.

Tumezoea kusahau hivyo tangu zamani. Zile sanamu za barabara ya Kenyatta jijini Nairobi, za askari na mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hazina jina la Mwafrika hata mmoja, ilhali wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo walikufa kwa maelfu, wengi wakiwa wametolewa Nyanza na magharibi. Waingereza walikuwa na sababu zao za kutowaandika. Sisi sijui tuna ipi.

Basi naiomba serikali ya kaunti ya Nakuru, kwa ushirikiano na jeshi na kwa idhini ya kila familia, iweke ubao wa majina pale Nyayo Gardens: wanajeshi wenyeji wa kaunti hii waliofia kazini, koplo kwa meja bila kutenganishwa. Usiwekwe ndani ya kambi, ambako mama mzazi anahitaji ruhusa langoni. Tena ofisi za wadi ziwaeleze wastaafu na wajane Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya 2022 inawapa nini. Baadhi ya wastaafu wanaolinda maduka yetu usiku hawajawahi kuisikia. Bila shaka haya yote yatapita kwenye kamati na bajeti. Mwenye nyumba wa Lanet hana kamati. Aiache kodi ya mwezi ujao ilipo.

Mwenye duka,
Lanet, Nakuru