Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mtoto anayechanganya b na d si mzembe

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mwalimu wa darasa la kwanza. Ombi langu ni moja: sisi walimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) tufundishwe jinsi ubongo wa mtoto unavyojifunza kusoma.

Bado yapo madarasa ambako mtoto akiandika "dada" alipoambiwa "baba" anachapwa, au anaitwa mzito. Sayansi inasema vingine. Maandishi yana umri wa miaka kama 5,000 tu, hivyo hakuna anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa kusoma. Mtoto huazima eneo la chini kwa nyuma, upande wa kushoto, lililozoea kutambua sura na vitu. Mwaka 2010 mwanasayansi wa ubongo Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake walipima ubongo wa watu wazima 63 wa Brazili na Ureno, wakiwamo wasiojua kusoma na waliojifunza ukubwani. Kadiri mtu alivyosoma vizuri ndivyo eneo hilo lilivyoitikia maandishi. Sasa, kwa eneo hilo kikombe ni kikombe tu, mkono wake uwe kushoto au kulia. Ghafla tunadai kwamba b ikigeuka si b tena! Mtoto wa miaka sita akikosea hapo hana kasoro. Afuatishe herufi kwa kidole huku akitamka sauti yake, leo, kesho na keshokutwa, na apewe muda. Kanuni zenyewe za adhabu ya viboko shuleni zinasema viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kugeuza herufi hakumo.

Kuna linaloniuma zaidi. Kiswahili kina irabu tano, na herufi zake karibu zote hazibadilishi sauti, kwa hiyo tunadhani mtoto akishamaliza ba be bi bo bu kazi imekwisha. Keti naye asome "walipotuona". Wa… li… po… tu… o… na. Hajakosea hata silabi moja. Muulize nani alimwona nani: kimya. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja, na nguvu zote zimeishia kwenye silabi. Anapofika "na", "wali" imeshamtoka. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo wepesi wa kusoma ni sharti la kuelewa. Na wepesi huo haupatikani kwa darasa zima kuitikia pamoja. Nimeona watoto "wakisoma" ukurasa mzima huku macho yako dirishani. Wameukariri. Kila mtoto anahitaji kusoma mwenyewe, kwa sauti, kitabu kikiwa mkononi, hata kama madarasa yamejaa na zamu yake ni dakika mbili tu.

Mheshimiwa, vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vipo tayari mashuleni. Somo hili liingizwe humo na kwenye vyuo vya ualimu. Upimaji wa darasa la pili utuambie ni mtoto yupi anakwama na anakwama wapi, tumsaidie kabla ya darasa la tatu. Na wale wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma, ambao mazoezi ya kawaida hayawatoshi, kila halmashauri iwe na mtaalamu ninayeweza kumpelekea mtoto. Kwa sasa sina pa kumpeleka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa darasa la kwanza, Morogoro