Pengo la dola linaanzia kwa bajeti, si kwa samaki wa China

Kwa Mhariri,

Kila nikifungua ukurasa wako wa barua nakuta mtu analia na samaki wa China, mwingine ni mayai ya Uganda, mwingine ni mitumba, na wote wanamalizia hapo hapo, serikali ipige marufuku. Hasira yenyewe naielewa sana, mimi nakoboa mpunga hapa Ahero na mchele wa Pakistan umejaa maduka yote kutoka Awasi mpaka Kondele kwa bei ambayo mkulima wetu hawezi kuifikia. Lakini kuna jambo tunalipita kila siku na nimechoka kunyamaza. Nchi ikinunua nje kuliko inavyouza maana yake kwa jumla inatumia kuliko inachopata, na kati ya wote wanaotumia pesa hapa Kenya hakuna anayeifikia serikali. Kwa hivyo anayetaka kujua dola zinaenda wapi asianze kukagua malori ya mpaka wa Busia, aanze na ile bajeti inasomwanga kila Juni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme serikali inakusanya kodi shilingi 80 na inatumia 100. Hizo 20 lazima zitoke mahali, na mahali ni pawili tu, ama akiba ya wananchi na kampuni za hapa ndani, ama mfuko wa mtu wa nje. Akiba yetu sisi ni ndogo, watu wanaishi mkono kwa kinywa, kwa hivyo sehemu yake inakopwa nje na inaingia ikiwa dola, na dola ya mkopo mwishowe inatoka tena kununua vitu vya nje ama kulipa madeni ya nje. Ndio maana nakisi ya bajeti, yaani zile 20 zinazokosekana, mara nyingi inatokezea upande wa pili ikiwa nakisi ya biashara, yaani kununua nje kuliko tunavyouza, na wachumi wanaziita nakisi pacha.

Angalia 2014. Mwezi wa Juni tulichukua Eurobondi ya kwanza, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2, Desemba ikaongezwa milioni 750, na mwaka huo huo pengo la akaunti ya sasa, yaani ukijumlisha bidhaa, huduma, riba na pesa zinazotumwa huku na huku, lilikuwa karibu asilimia 10 ya uchumi wote. Ndio wakati reli mpya ya SGR ilikuwa inaanza, Mombasa mpaka Nairobi kwa karibu shilingi bilioni 327, sehemu kubwa mkopo wa Exim Bank ya China, na injini na mabehewa yakaletwa kutoka China vilevile. Hapo hakuna mama wa soko la Kibuye aliyeagiza kitu, ni bajeti ya serikali iliyoagiza. Reli ikafika Naivasha 2019 na sisi wa huku tukabaki tukingoja, lakini deni tunalipa sote, na watu wengi hawajui kwamba ile riba tunayolipa nje inahesabiwa kwa hio hio akaunti ya sasa, kwa hivyo deni la jana linapanua pengo la leo hata kama hatujanunua samaki hata mmoja.

Na kwa vile nimetaja samaki. Mwisho wa 2018 serikali ilitangaza kuzuia samaki wa China, wavuvi na wenye vizimba ziwani wakashangilia, kufika mapema 2019 marufuku ilikuwa imeondolewa, tukaambiwa samaki wetu hawatoshi soko. Ni kweli hawatoshi. Lakini mimi naona pia kwamba mtu ambaye wakati huo huo anamkopa jirani pesa za kujenga nyumba hana sauti ya kumwambia asimletee biashara yake. Ukikopa kwa mtu unakopa na masharti, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa.

Sasa nije kwa kitu ambacho naona kimewaumiza watu wa magharibi na hakuna anayekihusisha na bajeti, nacho ni shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160 na kila mtu alikuwa na wasiwasi na ile Eurobondi ya 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Februari serikali ikachukua Eurobondi nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili ilipe sehemu ya ile ya zamani, na mwezi huo huo ikauza bondi ya miundombinu hapa nyumbani kwa asilimia 18.46, wawekezaji wa nje nao wakaingia na dola zao kuitafuta hio riba, na ndani ya miezi michache shilingi ikapanda mpaka karibu 130 na imekaa hapo hapo kwa muda mrefu. Mjini watu walifurahi, na wana haki yao, mafuta yalipungua bei. Lakini muulize mkulima wa chai wa Nandi Hills ama Vihiga. Chai inauzwa mnada wa Mombasa kwa dola, kilo ile ile kwa bei ile ile ya dola inamletea shilingi chache kuliko mwanzo wa 2024, na bonasi ya 2025 ilipotoka huku magharibi ya Bonde la Ufa watu walilia, KTDA yenyewe, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo, ikataja shilingi kama mojawapo ya sababu. Huku shilingi ikipata nguvu, mchele wa Pakistan na samaki wa China wanakuwa rahisi zaidi. Njia ndio hio: serikali inakopa sana, riba inapanda, dola za wawekezaji zinaingia, shilingi inapata nguvu, anayeuza nje anaumia na anayeleta vitu kutoka nje anapata nafuu.

Marekani waliipitia miaka ya themanini chini ya Reagan, kodi ikakatwa 1981 na matumizi ya jeshi yakaongezwa, riba ikawa juu, dola ikapata nguvu kupita kiasi, viwanda vyao vikalia na bidhaa za Japani mpaka Septemba 1985 mataifa matano makubwa yakakutana hoteli ya Plaza kule New York kukubaliana kuishusha dola. Nao pia kelele ilikuwa ni Japani, Japani, na pengo lilikuwa pia nyumbani kwao.

Ukiacha mkopo wa nje kuna huu wa ndani ambao mimi naujua kwa ngozi yangu. Mapema 2024 nilienda benki moja mjini kuomba loni ya mashine kubwa ya kukoboa, yenye kuchambua mawe na chenga ili mchele wetu ukae sawa na ule wa pakiti za supamaketi, nikaambiwa riba ni zaidi ya asilimia 20 na bado niweke shamba. Meneja hakuwa mtu mbaya, alinieleza wazi kwamba akiipa serikali pesa kwa siku 364 anapata kama asilimia 16 na hakosi usingizi akiwaza kama italipa, kwa nini ahangaike na mkoboaji wa Ahero ambaye mto Nyando ukifurika hana kitu. Sikuchukua. Benki Kuu imeshusha riba yake mara kadhaa tangu Agosti 2024 na nashukuru, lakini misimu yote hio mpunga wetu ulikuwa unaondoka na malori ya wanunuzi wa Uganda ukiwa haujakobolewa, na mchele uliokobolewa nje ukiingia kwa dola kuja kujaza pengo letu. Halafu unasikia mtu anasema Wakenya hawapendi cha kwao! Hio mashine nayo ingetoka China, najua, na ingeongeza bili ya nje kidogo mwaka huo, lakini ingeilipa kwa mchele ambao hatungehitaji kuagiza tena. Mimi sina shida na nchi kununua nje. Shida yangu ni dola ya mkopo ikienda kwa kitu ambacho hakitarudisha dola wala kuokoa dola.

Na bajeti si kukopa na kutumia peke yake, kuna ushuru pia. Mchele wa kutoka nje ya Afrika Mashariki kwa kawaida unatozwa asilimia 35 kuingia Kenya. Julai 2025 serikali ikatangaza tani 500,000 ziingie bila ushuru, wakulima wakaenda korti ya Kerugoya na amri ikasimamishwa kwa muda, baadaye korti ikaruhusu sehemu. Nimesikia hoja ya serikali, kwamba unga na mchele vikiwa ghali watu wa mjini wanalala njaa, na hio si hoja ya kupuuza. Lakini mkulima aliyeshapanda na kununua diseli kwa VAT ya asilimia 16, ambayo kabla ya Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa 8, hawezi kubadilishiwa mchezo mpunga ukiwa shambani. Unamtoza kwa kila lita anayopigia trekta halafu unamsamehe kodi mtu anayeleta mchele kwa meli, tena hazina inakosa zile pesa za ushuru, nakisi inakua, tunakopa zaidi. Nikifikiria hapo huwa nakasirika sana.

Mbolea ya ruzuku naipongeza kwa moyo wote. Kutoka gunia la zaidi ya 6,000 mpaka 3,500 Septemba 2022 na baadaye 2,500, hio ni pesa ya serikali ambayo ilitoka nje kwa dola kweli lakini ikarudi ikiwa mahindi kule Trans Nzoia na Uasin Gishu, magunia ambayo hatukuhitaji kuyaagiza. Matumizi ya namna hio hata yakikopewa nitayatetea mbele ya mtu yeyote.

Nisije nikaonekana nasema kila kosa ni la bajeti. Mwaka 2020 wakati wa korona bajeti iliharibika zaidi lakini pengo la nje halikupanuka, mafuta yalishuka bei, safari zikasimama, watu wakapunguza kununua. Japani serikali yao ina deni kubwa kuliko uchumi wenyewe na bado nchi inapata ziada nje miaka mingi, kwa sababu watu na kampuni zao wanaweka akiba ya kutosha kuikopesha serikali yao na kubaki na ya kupeleka nje. Marekani mwisho wa miaka ya tisini bajeti ilikuwa na ziada na pengo la biashara likazidi kukua, wananchi na kampuni ndio walikuwa wanakopa na kuwekeza. Kwa hivyo akiba ya raia ina maana kubwa, na hapa kwetu kinachotuokoa ni watoto wetu walio nje, 2024 walituma karibu dola bilioni 5, zaidi ya tunachopata kwa chai. Lakini kutegemea jasho la mtoto anayeosha wazee Marekani huku serikali inalipa riba ya zaidi ya shilingi trilioni moja kwa mwaka ni kuteka maji kwa pakacha.

Kuna watu watasema basi suluhisho ni kodi ipandishwe nakisi iishe. Tulijaribiwa hivyo 2024, Mswada wa Fedha ulitaka karibu shilingi bilioni 346 zaidi, mpaka mkate uwekewe VAT, na vijana wetu walikufa barabarani kabla ya mswada huo kuondolewa. Hatuwezi kurudi huko. Na kuchelewesha kulipa watu waliouzia serikali na kaunti bidhaa pia si kupunguza nakisi, ni kumkopa fundi na mwenye hadiwea bila kumuuliza, na wengi hapa Kisumu wamefunga maduka wakingoja.

Ninachoomba ni hiki. Kila mradi mkubwa unaoingia kwa bajeti uandikwe pembeni ni dola ngapi utatoa nje na ni lini utarudisha, kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anasoma. Mabadiliko ya ushuru wa chakula yatangazwe kabla ya kupanda, sio wakati wa kuvuna. Bili za waliouza bidhaa zilipwe kabla ya miradi mipya kuanza. Na lile bwawa la Koru-Soin la mto Nyando ambalo limezungumziwa miaka nenda miaka rudi liwekwe mbele ya mambo mengine, kwa sababu skimu ya umwagiliaji ya Ahero inavuta maji ya Nyando kwa pampu za stima na bili ya stima ndio inamuua mkulima kabla hata hajakutana na mchele wa Pakistan.

Taarifa ya sera ya bajeti inatakiwa kufika bungeni kufikia Februari 15 kila mwaka, na sisi wengi tunaamka Juni mambo yakiwa yameshapangwa. Wabunge wetu wa Nyando, Muhoroni na Kisumu Mashariki waje Ahero kabla ya tarehe hio na makaratasi yao ya bajeti, sisi tutakuja na risiti zetu za diseli, stima na mbolea, tukae tuzipitie pamoja.

Mkoboaji mpunga,
Ahero, Kaunti ya Kisumu