Kifungu cha 246

Geneva

Baba mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Natumaini mvua zimeanza vizuri huko Iringa na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kama ni kweli yale yanayosemwa redioni, kwamba dunia inaelekea kwenye vita vya tatu na kwamba utaratibu wa mataifa tuliouzoea umefika ukingoni, na umetaka nirudi nyumbani mapema. Utabiri siuwezi. Naomba badala yake nikueleze jambo nililolisoma hapa, kwa maana linatuhusu sisi wa Kalenga kuliko nilivyowahi kudhani.

Njia yangu ya kazini inapita kando ya ziwa, mbele ya jengo kubwa lililokuwa hoteli, ambamo Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilikuwa na makao yake kuanzia mwaka 1920 hadi 1936. Kwa miaka miwili nililipita bila kuuliza lolote. Siku moja ya mapumziko, mvua ikiwa imenibana, niliingia maktaba nikaomba Mkataba wa Versailles, ule uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919. Una vifungu 440, na vingi ni vya fidia, meli, makaa ya mawe na mipaka ya Ulaya. Nikafunua hadi kifungu cha 246, na hapo mkono ukasita. Kinasema Ujerumani irudishe ndani ya miezi sita vitu viwili: Kurani ya Khalifa Othman, iliyosemekana kuchukuliwa Madina na Waturuki, na fuvu la Sultani Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Unakumbuka uliponipeleka Kalenga nikiwa darasa la nne? Niliisogeza pua hadi ikaacha alama kwenye kioo kinachohifadhi fuvu lile, nawe ukaifuta kwa leso yako bila kunikaripia. Kumbe fuvu lile limo katika mkataba uliofunga vita vya dunia nzima. Lakini tazama, Baba, lilitakiwa likabidhiwe nani. Kurani inarudi kwa Mfalme wa Hijazi; fuvu linakwenda kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wahehe hawatajwi.

Vita vile viliangusha himaya nne, ya Ujerumani, ya Urusi, ya Austria na Hungaria na ya Waosmani, na ardhi zake zikahitaji wenyewe wapya. Zamani mshindi alichukua nchi akaiita yake, wala hakudaiwa maelezo, kama walivyofanya Wajerumani kwetu. Safari hii washindi walikuwa wametangaza kwamba wanapigania haki za mataifa, na Rais Wilson wa Marekani hakutaka makoloni yagawanywe waziwazi kama nyara, kwa hiyo ikabuniwa njia ya katikati iitwayo udhamini: nchi ni amana, na aliyekabidhiwa atatoa taarifa kila mwaka hapa Geneva. Kwa vitendo Tanganyika ilikwenda Uingereza, Rwanda na Burundi zikaenda Ubelgiji, na kipande cha Kionga, kusini mwa mto Ruvuma, wakapewa Wareno. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika kampeni ya kwetu walikuwa makumi ya maelfu, na hakuna ndugu yao aliyealikwa kwenye mazungumzo ya amani kule Paris. Wameachiwa jina la soko: Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza lililogeuzwa na ndimi zetu.

Nilikuwa nikidhani udhamini ni ukoloni uliobadilishiwa kanzu tu. Kwa sehemu kubwa ndivyo ulivyokuwa. Mtu aliruhusiwa kupeleka malalamiko Geneva kwa maandishi, lakini barua yake ilipaswa kupitia mikononi mwa serikali ile ile anayoilalamikia! Hata hivyo neno amana lilikuwa limekwisha kuandikwa. Kenya, iliyofanywa koloni rasmi mwaka 1920, haikuwa na hata mlango huo mwembamba.

Vita vya pili vikaupanua. Babu alirudi kutoka Burma na koti la KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na kikohozi, akaikuta nchi bado inatawaliwa vile vile; lakini mwaka 1945 ulikuwa umeundwa Umoja wa Mataifa, wenye Baraza la Udhamini lililotuma wajumbe kukagua na kumruhusu mwananchi asimame aseme mwenyewe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea Wameru waliohamishwa Engare Nanyuki. Ardhi haikurudi kwa safari ile, ila serikali ililazimika kujieleza mbele ya wageni. Ujumbe wa 1954 ukapendekeza Tanganyika ijitawale ndani ya miaka 20 hadi 25, Waingereza wakakasirika, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere akahutubia Baraza lenyewe. Ikachukua miaka 6 tu.

Fuvu nalo lilirudi Juni 1954. Ile miezi sita ilikuwa imezidi miaka 30. Gavana Twining alilifuata katika jumba la makumbusho la Bremen, na hatimaye likafika kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi.

Kwa hiyo, kuhusu swali lako: Baraza la Usalama bado linakaliwa kwa viti vya kudumu na washindi watano wa 1945, na mwenye kura ya turufu anapokuwa ndiye anayepigana, kama Urusi nchini Ukraine tangu 2022, baraza hukwama. Hilo ndilo mnalosikia redioni. Mabomu nayaogopa kama mtu yeyote, lakini zaidi naiwaza ile meza itakayowekwa baadaye, na kama safari hii tutakuwa na kiti au tutatajwa tena katika kifungu cha 246.

Nitakuja Desemba kama tulivyopanga, sitarudi kabla ya hapo. Ukipita Kalenga, naomba uangalie kama namba ya kifungu hicho imeandikwa popote karibu na kioo. Mimi siikumbuki.

Wako mtiifu,
Mwanao