Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika habari za muziki

Wanangu,

Salamu kwenu nyote. Nimeandika habari za muziki kwa zaidi ya miaka 30, kwanza nikiwa mwandishi, kisha mhariri, na sasa nimebaki msomaji mwenye muda mwingi na subira kidogo. Nikiwasema leo, mjue ni mzazi anayepitia daftari la mwanawe. Mkikasirika, kasirikeni mkiwa mmeshamaliza kusoma.

Wiki iliyopita nilikaa na makala zenu tano kuhusu muziki wa kielektroniki wa majaribio, ule wa midundo inayokatika kabla mguu haujatua, sauti za kukwaruza, na bezi inayogonga kifuani kabla ya kufika sikioni. Nne kati ya hizo tano zilisema huu ni "muziki wa siku zijazo". Siku zijazo hizo zimenizidi umri. Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima kwenye kituo cha redio mashine ya kurekodi sauti kwenye waya, akaenda nayo kwenye ngoma ya wanawake ya kupunga pepo. Aliporudi studio alizichuja zile sauti za waimbaji, akazipitisha kwenye vyumba vya mwangwi, akaondoa sauti yenyewe na kubakiza mvumo wake. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa alirusha hewani vipande alivyovitengeneza kwa sauti za treni na vyombo vya nyumbani, na ndiye ambaye vitabu vingi humwita mwanzilishi wa muziki huu.

Sina ugomvi na Schaeffer. Nina ugomvi na mwandishi anayesikia kitu kigeni masikioni mwake akadhani ni kigeni duniani. Ukiandika "siku zijazo" umeshajisamehe kuuliza jana ilikuwaje.

Nami niliwahi kuingia mkenge huo, na niwaambie nilivyoingia. Nilikuwa na umri wenu. Kampuni moja ya muziki ililetea ofisi yetu kanda ya mwimbaji aliyekuwa akitamba, pamoja na karatasi moja iliyopigwa taipu. Karatasi ilisema mwimbaji huyo "amegundua sauti mpya". Kanda niliisikiliza mara moja, tena nikila. Karatasi niliisoma mara tatu. Makala ikatoka imepambwa, mhariri akanipongeza, na baada ya majuma kadhaa ikaja barua ya mkono kutoka kwa fundi ambaye ndiye aliyetengeneza kila sauti ya sinthesaiza, ile mashine ya kuunda sauti kwa umeme, kwenye albamu ile. Hakunitukana. Alinieleza kwa utaratibu mzima jinsi sauti tatu nilizozisifu zilivyotengenezwa, kisha akaniuliza kama ile kanda niliisikiliza. Ningependelea matusi.

Tangu siku ile nikawa na ugonjwa wa kusoma maandishi madogo ya nyuma ya santuri, na nimegundua kwamba muziki huu, kuliko mwingine wowote, unakula majina ya watu. Mpiga gitaa unamwona jukwaani. Aliyekata utepe wa kurekodia kwa wembe usiku kucha humwoni. Chukueni wimbo wa ufunguzi wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC, wa mwaka 1963. Aliyeandika tuni ni Ron Grainer. Aliyeigeuza ikawa ile sauti inayosisimua nywele ni Delia Derbyshire wa kitengo cha sauti cha BBC. Alitumia waya uliokwanyuliwa, vifaa vya kupimia mitambo, na vipande vya utepe alivyovikata noti kwa noti na kuviunganisha, maana sinthesaiza ya kununua dukani haikuwepo. Inasimuliwa kwamba Grainer alipousikia aliuliza kama kweli ni yeye aliyeuandika, na alitaka Derbyshire agawiwe haki pamoja naye. Utaratibu wa BBC wa kutotaja wafanyakazi wa kitengo kile ulikataa. Jina lake lilikuja kuandikwa kwenye kipindi chenyewe mwaka 2013, miaka 12 baada ya kufariki.

Mtasema hayo ni ya zamani. Mwaka 2015 Björk, mwimbaji wa Iceland, alitoa Vulnicura, albamu aliyoitayarisha pamoja na Arca, kijana kutoka Venezuela aliyekuwa akijulikana kwa muziki mgumu wa majaribio. Vyombo kadhaa vya habari vikaandika kana kwamba Arca ndiye aliyeitayarisha peke yake. Björk alilazimika kujieleza hadharani, akakumbusha kwamba jambo lilelile lilimpata mwaka 2001 kwenye albamu yake Vespertine, ambapo midundo aliyoihangaikia yeye kwa miaka waliandikiwa Matmos, kundi la watu wawili walioingia kazini mwishoni kabisa. Angalieni ajabu ya kosa hili. Mara nyingi nyota ndiye anayevishwa kilemba cha ukoka na fundi akaachwa kichwa wazi. Hapa nyota alikuwa mwanamke, na kilemba kikakimbilia kwa wengine. Mwandishi aliona mashine akatafuta nani wa kumkabidhi, na moyo wake haukumwelekeza kwa mwanamke aliyekuwa ameketi mbele yake miaka yote.

Sasa niingie kwenye kuvuka, maana hapo ndipo mnaponitia uchungu zaidi. Mtu wa muziki wa pembeni akifanya kazi na nyota wa redioni, mna hadithi mbili tu mfukoni. Ya kwanza: nyota mwerevu kazamia kilindini, kaibuka na lulu. Ya pili: fundi mwaminifu kanunuliwa, kawasaliti wenzake. Zote mbili ni tamthilia za tabia za watu. Hakuna hata moja inayosema sauti yenyewe ilipatwa na nini safarini. Ilipunguzwa makali? Iliwekwa chini ya sauti ya mwimbaji au juu yake? Ilirudiwa mara ngapi ili sikio la mtu aliye kwenye foleni ya magari liizoee?

Hilo ndilo la kuandika, na linaandikika. Chukueni Kid A ya Radiohead wa Uingereza, ya mwaka 2000. Bendi ya magitaa ilitoa albamu yenye magitaa machache, ikashika namba moja Uingereza na Marekani, na waandishi wakagawanyika kambi mbili, kambi ya ushujaa na kambi ya majivuno. Lakini ndani ya Idioteque, wimbo mmoja wa albamu hiyo, kuna sekunde chache za akodi nne, yaani noti zinazolia kwa pamoja, zilizotoka kwenye kazi ya mtunzi Paul Lansky, Mild und Leise, aliyoitunga kwa kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1973. Jonny Greenwood wa Radiohead aliikuta kwenye santuri ya zamani ya muziki wa kielektroniki. Bendi ilimwomba Lansky ruhusa na ikamtaja, na Lansky mwenyewe baadaye akaandika jinsi alivyofurahishwa na matumizi yale. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari: akodi zilizokaa chuoni miaka 27 zinasikika viwanjani, zikiwa na mdundo mkali mgongoni. Hakuna mzamiaji lulu, hakuna msaliti. Kuna santuri, sikio, na barua ya kuomba ruhusa.

Nizungumze kuhusu SOPHIE, na hapa nitakaa kidogo. Huyu alikuwa mtayarishaji wa muziki kutoka Uskoti, na kuanzia mwaka 2013 alitoa nyimbo bila kuonyesha sura. Sauti zake zilifanana na mpira unaovutwa, chuma kinachopigwa, povu linalopasuka. Hakuzirekodi kokote. Alizijenga kutoka mawimbi ghafi ya mashine, moja baada ya nyingine, akifikiria kitu halisi kina ugumu gani na kinanyumbuka vipi. Hapo palikuwa na makala kumi nzuri. Badala yake kalamu nyingi zilihangaika kubahatisha ni nani, zikamdhania mwanaume, na baadhi zikamshutumu kwamba anajivika uanamke usio wake. Mwaka 2017 akatokea kwenye video ya wimbo wake, uso wazi, sauti yake mwenyewe, na ikajulikana kwamba ni mwanamke aliyebadili jinsia. Waliomshutumu walijikuta wamemshutumu mtu kwa kuwa yeye. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna bahati, kwani "yeye" wetu hauulizi mtu ni mume au mke. Ungeweza kuandika kurasa nne kuhusu kazi yake bila kubahatisha lolote.

Kufikia hapo alikuwa ameshafanya kazi na Madonna na Charli XCX, mwimbaji wa pop wa Uingereza. Albamu yake ya 2018 iliteuliwa kuwania Grammy, na Januari 2021 akafariki kwa ajali mjini Athens, Ugiriki, akiwa na miaka 34. Rambirambi zilizofuata zilikuwa nzuri mno, na ziliandikwa kwenye magazeti yaleyale. Vroom Vroom, kazi fupi aliyoitayarisha kwa ajili ya Charli XCX mwaka 2016, ilipokelewa na Pitchfork, jarida la muziki la Marekani, kwa alama mbovu. Mwaka 2021 jarida hilohilo lilirudi likaipandisha. Siku hiyohiyo liliipandisha Discovery, albamu ya Daft Punk wa Ufaransa, kutoka 6.4 hadi 10. Nawasifu kwa kukiri. Ila kumbukeni kwamba alama ya kwanza ndiyo iliyokuwa kazini wakati msanii anatafuta kuitwa kwenye maonyesho. Charli XCX alipotoa Brat mwaka 2024, na ikawa kila mtu anaisema, kulikuwa na waandishi waliosimulia safari ile kana kwamba walikuwa kwenye basi tangu kituo cha kwanza.

Kuhusu majina ya mitindo sitasema mengi. Vijana weusi wa Detroit, Marekani, walijiitia muziki wao wa dansi wa mashine jina. Mwaka 1988 kampuni ya Uingereza ilipotaka kutoa mkusanyiko wa kazi zao, ulikuwa uende sokoni kwa jina la house, muziki wa Chicago, mpaka Juan Atkins, mmoja wa vijana hao, alipoleta wimbo wenye neno techno na jina la mkusanyiko likabadilishwa. Hyperpop, ile pop ya kielektroniki iliyotiwa chumvi kupita kiasi, ni habari nyingine. Neno lilikuwepo, lakini lilisambaa baada ya Spotify kufungua orodha ya nyimbo kwa jina hilo mwaka 2019, na wengi waliowekwa humo walilikana. Na lile jina la miaka ya 1990 la "muziki wa dansi wenye akili" mlizike. Richard D. James, yule Aphex Twin ambaye jina hilo lilibandikwa juu yake, alicheka akisema maana yake ni kwamba muziki mwingine wote ni wa kijinga. Kabla hujatumia jina, uliza lilitoka kwa wapigaji au lilitoka kwenye dawati la muuzaji. Basi.

Kuna jambo linalonikera kuliko majina, nalo ni neno lenyewe "majaribio". Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Magazeti ya Ulaya yaliupokea kama muziki wa majaribio uliokithiri, midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Kwa waliokuwa wakiucheza, ule ulikuwa muziki wa sherehe. Haukuwa pembeni ukavuka kuja katikati. Ulikuwa katikati ya watu wake, ukavuka kwenda pembeni kwa wengine. Mwandishi wa Ulaya nitamsamehe, maana aliandika kutoka kiti chake. Nyinyi mnaosoma makala yake kisha mkaitafsiri na kuirudisha nyumbani ikiwa bado na neno lile, hapo ndipo ninapowaita kando.

Mtaniuliza, mzee, tufanyeje, na mhariri anataka makala kabla ya saa sita? Najua. Nilikuwa mhariri huyo. Niliwahi kumkatia kijana aya nzima iliyoeleza mashine ya Roland TB-303 ilivyoshindwa sokoni kama mbadala wa mpiga bezi, ikaacha kutengenezwa mwaka 1984, kisha vijana wa Chicago wakaiokota kwa bei ya kutupwa na kuipindapinda vitufe mpaka ikalia sauti ambayo walioiunda hawakuikusudia. Nilisema ni ya kiufundi mno. Ilikuwa ndiyo makala yenyewe, nami nikabakiza maneno matamu yaliyoizunguka. Kwa hiyo siwatupii lawama zote. Lakini simu moja kwa mtayarishaji haichukui hata nusu saa, na swali la "ulianzia kwenye sauti gani?" halijawahi kuniangusha. Watu hawa hawaulizwi. Ukiwauliza hawanyamazi.

Na msikilize kwenye spika mbaya pia. Muziki uliovuka unavukia huko, kwenye simu iliyopasuka kioo, na mnauhukumu mkiwa na hedifoni za bei mbaya.

Sijaisema makala ya tano. Ndiyo fupi kuliko zote, na iliwekwa chini kabisa, chini ya habari ya ndoa ya mwimbaji. Haina "siku zijazo" wala "ajabu". Imeeleza kwamba mdundo uliomfanya kila mtu ageuke kwenye albamu ile ulitokana na mlango wa chuma uliorekodiwa kwa simu, ukashushwa sauti, ukarudishwa kinyumenyume, na imemtaja aliyefanya hivyo. Niliisoma, nikarudi kuusikiliza wimbo, nikausikia mlango. Mwandishi wake simjui, ila anajijua. Mwanangu, jina la huyo fundi umekosea herufi moja. Lirekebishe leo.

Ni mimi mzee wenu,
Mhariri mstaafu